Mama Kitana na Benchi Lililogeuzwa

Ndugu, jamaa na majirani, kwa niaba ya familia nawasomea maisha ya mama yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Kitana, kwa kuwa kitana hakikutoka kwenye nywele zake hata alipokwenda sokoni.

Marehemu alizaliwa tarehe 12 Machi 1957, katika nyumba iliyokuwa nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa tatu wa mpishi wa shule na dobi, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1965 hadi 1971, kisha akaajiriwa kiwandani hapo kufunga sabuni, na huko, saa ya chakula, akaanza kuwasuka wenzake. Tarehe 4 Agosti 1979 alifunga ndoa na baba yetu, fundi baiskeli, wakajaliwa watoto watatu, na mwaka 1983 akafungua chumba chake cha ususi, chenye kioo, kigoda na benchi la wanaosubiri.

Benchi hilo lilikuwa bunge. Msuko ukianza tu lilitoa hukumu, "Shoga, hapo unaharibu, msuke kama wa jana," na mama, asiyependa kumuudhi mtu, alifuata, hadi harusi ya wifi yake, Desemba 1991, wanawake wote walipotokea na msuko mmoja, baba akamshika bega shemeji yake akidhani ni mkewe, ukumbi ukaangua kicheko. Mama alicheka pia, lakini nyumbani aliitazama mikono yake, akaona imesahau kubuni.

Jumatatu iliyofuata aligeuza benchi likatazama barabara, akasema maoni yatolewe msuko ukiisha. "Kwani tumewekwa adhabu?" walinung'unika, wengine wakahama, chumba kikapwaya, baba akamsihi alirudishe, naye akajibu kwa upole, "Baba watoto, mtoto hachekwi akiwa anajifunza kutambaa." Kisha karani wa posta akaomba asukwe mizunguko kuanzia sikioni, ilipokwisha benchi zima likageuka, likacheka, na mmoja akasema, "Mwenzangu, ingeanzia juu kidogo." Wiki iliyofuata ikaanzia juu, mwingine akaipindisha, na haukupita muda mizunguko ile ikawa na watoto na wajukuu mtaani kote.

Februari 2021 alipatwa na kiharusi, mkono wa kulia ukakataa kazi, dada yetu wa pili akakishika kitana. Asubuhi ya tarehe 9 Juni 2024, wodini, dada alimsuka, mama akaomba kioo, akajitazama kwa muda mrefu, akatabasamu, akasema, "Huu mimi sikukufundisha," na jioni akatutoka, akiacha mume, watoto watatu na wajukuu saba.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa subira, majirani mliotuletea maji na viti, na wasusi wenzake mliofunga vyumba vyenu leo ili mumsindikize.

Mama, mikono yako imefanya kazi, sasa nayo ipumzike kwa amani.