Ngui Achagua Mapezi

Benchi la Pancha liko Kariobangi nyuma ya maduka, ubao mmoja mnene uliolazwa juu ya rimu mbili za lori, na laiti wakubwa wa serikali wangejua mambo yanayoamuliwa pale, wangefunga ofisi waje kunywa kahawa. Jioni moja ya mwaka wa sabini na tisa, jambo lililobishaniwa lilikuwa miguuni mwa Ngui. Dereva huyu alikuwa amekaa bila kazi tangu lori la tajiri wake liuzwe. Sasa alikuwa amevaa mapezi ya mpira, yale ambayo wapiga mbizi huvaa ili kusukuma maji: mguu wa kushoto pezi refu gumu, wa kulia pezi fupi laini. Kampuni moja ilikuwa inatafuta wapiga mbizi wa kazi ya bwawani, na baada ya kuwafundisha kidogo walioomba, Ngui akiwamo, ilimwazima jozi mbili, achague moja ya kufanyia mtihani kesho asubuhi. Akifaulu, kazi ni yake. Aliitaka kazi hiyo mpaka usingizi ukamruka. Shida ni kwamba mkewe Kanyiva, tangu asikie habari ya kushuka majini na mtungi wa hewa mgongoni, alikuwa hamsemeshi ila kumwambia chakula kiko tayari.

Muturi, fundi wa pancha mwenye benchi lake, ambaye wote humwita Pancha, alisogeza lile pipa lililopasuliwa kwa urefu ambamo hutafutia matundu ya tyubu. Ngui akaegemea nyuma, akatumbukiza miguu.

— Chukua hilo refu, alisema Pancha. Mimi najua mpira, maze. Mpira mgumu ndio unashika barabara.

— Majini hakuna barabara, Ngui alijibu. Mwalimu anasema hili refu lina nguvu, lakini ukikosa mapaja ya kulisukuma linakumaliza.

— Huyo mwalimu anakuogopesha tu. Piga teke tuone.

Ngui akapiga. Maji yakaruka yakamwangukia Ndung'u kwenye suruali yake iliyopigwa pasi. Ndung'u hushinda kila siku kwenye mahakama ya Makadara kusikiliza kesi zisizomhusu, ndiyo maana wakamwita Jaji.

— Korti imelowa, alisema Jaji akijifuta. Shida si pezi, ni mguu. Kunja goti, zungusha kama baiskeli. Umeona watu wakipanda mlima wa kwenda Machakos? Hawanyooshi miguu.

Ngui alikumbuka mwalimu alivyowaambia: mguu utikisike wote kuanzia nyonga, goti lisikunjwe sana, tena polepole, kwa kuwa anayehangaika huimaliza hewa upesi. Lakini mtu asiye na kazi huwa mwepesi wa kusikiliza kila mtu. Akakunja goti, akazungusha baiskeli.

— Bata wa pale nyumbani ana miguu mifupi, alisema Shamis muuza kahawa, akimimina vikombe, na sijamwona akihangaika hivyo.

— Bata hafanyiwi mtihani, dada, Jaji alimkata.

— Ningekuwa mimi ndiye mwalimu, bata angepita.

Pancha alikuwa ameshaleta kipande cha tairi la lori. Akakifunga juu ya lile pezi refu kwa utepe wa tyubu.

— Sasa hilo ni gumu mara mbili. Kesho watasema anza, kabla hawajamaliza kusema umeshagusa ukuta wa pili wa bwawa.

— Na mwendo kama huo, alisema Jaji, sauti ikipanda, hewa ni ya nini? Mtu anafika kabla hajataka kupumua. Waambie huo mtungi wabaki nao.

— Wakuongezee mshahara, alidakia Pancha, maana umewapunguzia gharama.

— Enda mbio zaidi, Ngui, Jaji alihimiza. Zungusha.

Ngui akazungusha kwa nguvu zake zote, mara mshipa wa paja ukamkaza. Akashika mguu, meno nje, machozi yakimlengalenga. Aliona aibu kweli. Kama paja linamkaza hapa Kariobangi, kwenye pipa la pancha, huko bwawani itakuwaje?

— Baba Ndindi.

Kanyiva alikuwa amesimama pembeni, leso begani. Hakuwahi kufika benchi hilo hata siku moja. Jaji alimpisha mbio.

— Karibu shemeji. Tunamfundisha bwana yako.

— Nimeona. Kanyiva alimgeukia mumewe. Kazi yenyewe huko chini ni gani?

— Ni kutoa magugu kwenye chujio, pale maji yanaingilia kwa mitambo. Unakaa pale pale, unatoa moja moja.

— Unakaa pale pale.

— Eeh.

Kanyiva akawatazama mmoja mmoja.

— Sasa nyinyi mnataka akimbie aende wapi?

Jaji aliangalia ndani ya kikombe chake kana kwamba hukumu imeandikwa humo. Shamis akacheka peke yake, akaendelea kumimina.

Kanyiva alikaa kwenye benchi. Akafungua ule utepe, akatoa kipande cha tairi, akalivua lile pezi refu na kuliweka kando. Kisha akamvalisha mumewe la pili fupi, pole pole, maana mguu ulikuwa bado unauma.

— Kushuka sitaki kuona, alisema. Nionyeshe vile utarudi juu.

Ngui akanyoosha miguu. Akaitikisa kuanzia nyonga, taratibu, na maji ya pipa yakasogea huku na huku bila kumwagika.

— Tena, alisema Kanyiva. Alikuwa ameweka mkono juu ya goti la mumewe, lisikunjike.