Mafuta ya Bi Mwatum na Salawat Mia Tatu

Kabla sijasimulia, nikiri kwanza. Mimi Haroub, fundi makufuli wa mtaa wa Kiponda, Unguja, nilimwaga mtaroni mafuta ya mama yangu mzazi. Sufuria nzima, bado inatoka mvuke. Nilikuwa na miaka thelathini na moja, nimetoka kusikiliza mawaidha, kichwa kimejaa na moyo mtupu. Elimu yangu ni darasa la saba na chuo cha Kurani, lakini siku ile nilijiona mufti. Miaka kumi na minane nimelikalia jambo hili. Alhamisi iliyopita limenitoka barazani, mbele za watu.

Baraza letu lipo chini ya dirisha la mama, Bi Mwatum, Mungu amrehemu. Ni jiwe lililopakwa chokaa, limelika katikati kwa makalio ya watu waliokwisha tangulia mbele ya haki. Baada ya alasiri tunakaa walewale: Borafya, tunamwita Antena, kwa kuwa hakuna habari inayompita, Usi mshoni, tunamwita Kipimo, maana hata akikuamkia macho yake yanakupima mabega, na Ubwa muuza kahawa, ambaye hakumiminii mpaka naye atie neno lake. Siku hiyo ilizungumzwa hoteli moja ya mapumziko upande wa Makunduchi, ambako wageni hutibiwa kwa dawa za asili za Kihindi, Ayurveda zinavyoitwa. Binti yangu Faiza anajifunza kazi ya ukandaji huko.

— Mie kanihadithia dereva anayewapeleka, alianza Antena. Mtu analazwa chali. Juu ya kichwa kimetundikwa chungu, kina tundu. Mafuta ya uvuguvugu yanamtiririkia kwenye paji la uso, saa nzima, na yeye kimya.

— Saa nzima! Kipimo akaduwaa. Kafanya kosa gani?

— Anatolewa mawazo.

— Haba na haba hujaza kibaba, akasema Kipimo kwa uhakika. Kichwa kikijaa mafuta, mawazo yatakaa wapi?

— Hapo ndipo nnapokuja mie. Antena akasogea mbele. Mzungu anafika na mawazo yake, ya kazi, ya talaka, ya mkopo wa nyumba. Anaondoka mwepesi. Mawazo yamebaki wapi?

Tukatazamana.

— Yamebaki Unguja, yakhe! Kwenye ndege hakuyapakia. Ndiyo maana siku hizi mtu unaamka una wasiwasi na hujui wa nini. Si wako. Wa mtu wa Ulaya huo!

— Basi mie nnao wa watu wawili, akasema Ubwa, kahawa ikamwagikia kidole. Tokea juzi silali.

— Na mwalimu wao, mama mmoja wa Kihindi, akikushika mshipa wa mkono tu anajua ulichokula tokea Idi ya mwaka juzi.

— Astaghfirullahi! Ubwa akamtazama Kipimo. Mkeo asije akajuana na mama huyo. Urojo wote ule unaokula kwa siri!

— Kula wewe kashata zako ukae kimya.

— Kisha anakwambia wewe mtu wa aina gani, Antena akaendelea. Yupo wa upepo, yupo wa moto, yupo wa maji.

— Mie wa moto, alisema Kipimo.

— Wewe wa moshi, alisema Ubwa.

— Lakini kuvua nguo mbele ya mtu hata humjui... alianza Kipimo.

— Mficha uchi hazai, Antena akamkata, kana kwamba ile hoteli ni ya uzazi.

Tulicheka. Kipimo ndiye aliyeacha kucheka mwanzo. Akaliangalia dirisha juu yetu.

— Upepo, moto. Si ndiyo hayo hayo aliyokuwa akiyasema Bi Mwatum? "Mtoto huyu ana upepo, mleteni." Wala hakuwa na kitanda. Mkeka tu, na goti lake hapa mgongoni.

— Mie bega hili, akasema Antena, na sauti yake ikashuka. Niliruka baharini pale Forodhani nikateguka. Siku tatu kanikanda. Nalia, ananiambia, "Lia, baba, lia, kilio nacho kinatoka na upepo." Mpaka leo nikipita jikoni kwa mtu harufu ile nnaitafuta.

— Na shati likinuka wiki nzima! Kipimo akadakia.

— Mamangu akikataa kulifua, alisema Ubwa. Anasema dawa bado inafanya kazi.

Mimi nilikuwa natazama kikombe. Ndipo akatokea Faiza, mkoba begani, katoka kazini kuja kulala nyumbani.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu. Vipi, leo umemtoa nani mawazo? aliuliza Antena.

Faiza akacheka, lakini hakukaa. Akanigeukia.

— Baba, mwalimu wetu katuuliza kila mmoja, kwao wanakandwa kwa mafuta gani. Anasema hata yeye ujuzi wake wa kwanza kaupata kwa bibi yake. Nikamwambia bibi yangu alikuwa na mafuta yake, Kiponda nzima inayajua. Kaniambia Jumamosi nimpelekee yaliyomo tuyapike. Yakiwa mazuri yatatumika pale, na yataitwa kwa jina la bibi. Alitia nini?

Kabla sijafungua mdomo, walikwisha anza.

— Ufuta! Mafuta yenyewe ya ufuta, alisema Antena.

— Nazi!

— Nazi gani, Kipimo? Nazi inaganda kipupwe, yale yalikuwa hayagandi.

— Mrehani ulikuwamo, alisema Ubwa. Mie ndiye nikitumwa kuuchuma.

— Na karafuu.

— Wewe kila kitu karafuu. Hata kahawa yangu unasema ina karafuu.

— Na ule mzizi mwekundu.

— Haukuwa mwekundu, ulikuwa gome.

Faiza anaandika kwenye simu, anafuta, anaandika.

— Mie nnachokijua kwa yakini, akasema Kipimo, ni muda wa kuyapika. Cherehani yangu ilikuwa hapa hapa chini ya dirisha. Hakuwa na saa jikoni. Alikuwa akimsalia Mtume, polepole, kwa tasbihi. Zikitimia salawat mia tatu, anaepua. Mie mwenyewe nikihesabu naye huku nashona.

Nilikiweka kikombe chini. Miaka kumi na minane, na Kipimo alikuwa na jibu muda wote, mita mbili kutoka nilipokuwa nimekaa.

— Faiza, nikasema. Mafuta ya mwisho niliyamwaga mimi.

Faiza akaacha kuandika.

— Nilimsikia ananong'ona juu ya sufuria. Nikadhani ni uganga. Sikumuuliza anasoma nini. Alipoondoka kwenda kwenye msiba mtaa wa Mpendae, nikayabeba nikayamwaga mtaroni.

— Uliniambia bibi alikuwa mchoyo wa dawa zake. Ndiyo maana hakumrithisha mtu.

— Nilisema uongo.

— Na yeye alisemaje?

Hili ndilo nililokuwa nalikimbia.

— Hakunigombeza. Alirudi, akaiona sufuria, akanishika mkono akaugeuza kiganja juu. Akaniuliza, "Yalikuwa ya moto, umeungua?" Nikasema sikuungua. Akaiosha sufuria akaifunika. Hakupika tena. Na tuliishi nyumba moja miaka saba baada ya hapo.

Faiza hakulia wala hakuniambia neno baya. Ningeona nafuu angelisema. Alitutazama mmoja mmoja, watu wazima wanne wenye mvi.

— Nyote mmekandwa naye. Nani aliwahi kumuuliza?

Antena alishika bega lake. Kipimo alitafuta kitu chini. Ubwa aliliinamisha dele lake la kahawa, likatoa tone moja na mashapo.

— Kahawa imekwisha, akasema, na hakuna aliyemwomba.

Jumamosi Faiza alikwenda na karatasi yenye mambo matatu: ufuta, mrehani, salawat mia tatu. Mwalimu wake aliisoma mara mbili, akaikunja vizuri, akasema atayangoja yaliyobaki. Sufuria nimeitoa darini, nimeisugua kwa jivu. Kila nikimaliza sala namwomba Mola anisamehe, na namwomba mama.

Na wewe nakuomba jambo moja. Kama mwenyewe, au mamako, au jirani yako, alikandwa na Bi Mwatum wa Kiponda, na anakumbuka hata jani moja alilomwona analitia, njoo barazani baada ya alasiri, umuulize Haroub fundi makufuli. Mzizi ule ulikuwa mzizi au gome? Njoo utuambie.