Nilichoweka Kwenye Kapu la Shukrani

Ndugu zangu, Bwana asifiwe!

Swali moja lilininyima usingizi: nikiendelea kumeza vidonge baada ya kuombewa, si ndiyo kumwambia Mungu kwamba simwamini? Nimehitimu chuo, lakini nilichofaulu kuliko vyote ni kuwaza.

Ilianza kwa madoa ya zambarau miguuni, viungo kuuma, na mkojo wenye rangi ya chai. Mtaani kwetu Kirumba wakasema nimekanyaga uchawi. Pamoja na joto lote la Mwanza, nikawa navaa soksi ndefu nyeusi ili nijifiche.

Kanisani wakaniombea, kisha nikaenda hospitali, na daktari akanipa vidonge na kunieleza taratibu. Kinga ya mwili, ambayo ni mlinzi, imegeuka na kuwapiga wenye nyumba. Mishipa ya damu imevimba. Mahali pengine damu inavuja chini ya ngozi, ndiyo yale madoa; mahali pengine haipiti vizuri, na figo zinaumia. Ugonjwa huu huitwa vaskulaitisi. Hauambukizi, wala hakuna aliyeniroga!

"Hata ukijisikia nafuu, usiache dawa ghafla," alisema. "Tutazipunguza pamoja."

Nafuu ikaja, haleluya! Lakini kanisani kwetu kuna desturi: aliyeombewa akapona huleta dawa zake siku ya shukrani, akaziacha kwenye kapu mbele ya madhabahu. Mama yangu, anayeanika dagaa kwenye soko la Mwaloni, alikuwa ameshawaalika wenzake wote waje kwenye shukrani yangu.

Siku moja kabla, nikamfuata kwenye vichanja vyake.

"Shikamoo, mama. Nikiacha hizi dawa, figo zangu zinaweza kufa."

"Marahaba. Sasa ulikuwa unasubiri nini kuniambia?"

"Nilikuwa nawaza."

"Wewe! Utawaza mpaka dagaa wakuonee huruma." Akacheka, kisha machozi yakamtoka. Akanishika uso wangu uliovimba kwa dawa. "Mimi niliomba upone, mwanangu. Sikuomba kapu lijae."

Ndugu zangu, Mungu aliyesikia maombi yetu ndiye aliyenifikisha kwa yule daktari. Wewe mwenye madoa usiyoyaelewa, usijifiche. Mtumaini Yeye, ukapimwe!

Siku ya shukrani nilisimama mbele ya kapu, nikavua zile soksi nyeusi, nikaziweka humo. Miguu yangu ikaonekana na madoa yake yaliyofifia. Mama akanifungulia chupa ya maji, nami nikameza vidonge vyangu mbele ya kanisa zima.