Mwimbaji wa Jikoni

“Utakaa na nani nyumba yote hii?” Jirani alimuuliza hivyo mjane alipofiwa, na leo ndani ya basi swali likamrudia. Kiti cha mbele, kijana alikuwa akimwambia mama yake kwamba amepata chumba katika kitongoji cha mbali, maana ofisini huenda siku mbili tu kwa wiki, nyingine hufanyia kazi nyumbani. Mjane akatazama dirishani, masikio ameyaacha mbele.

“Kwangu pana ubaya gani, baba?”

“Nikiwa kwenye mkutano wa mtandaoni unanyata, mama. Hata kuimba umeacha, na jiko ni lako.”

“Nilidhani nakuharibia kazi.”

“Wenzangu wa kazini wananiuliza yule mwimbaji amekwenda wapi.”

Mjane alimwomba Mungu basi lichelewe kufika kituoni. Halikuchelewa. Mama yule alishuka na mwanawe, wimbo ukimtoka puani.