Chupa Aliyoifunga Tumboni: Tunamkumbuka Walburga Luambano

Kifuniko cha sufuria kinagonga gizani. Taratibu kwanza, halafu kwa haraka. Kule Bombambili majirani waliposikia mlio huo alfajiri walijua Mama Getruda ameamka, anachemsha maji ya kunywa.

Wasikilizaji wapendwa, mlio huo umenyamaza. Walburga Luambano, Mama Getruda wetu, mpimaji wa vyakula wa mji wetu wa Songea, ametutoka baada ya kuugua kwa muda mrefu.

Tumkumbuke polepole, maana mwenyewe alikuwa mtu aliyechoka. Ile miaka biashara ilipofunguliwa, kila kibaraza kiligeuka duka. Maziwa kwenye chupa za bia, togwa kwenye ndoo, samaki wa kukaanga kutoka Nyasa. Watu walipumua, tuseme ukweli. Lakini nani alijua kilichomo ndani? Kujua ndiyo ilikuwa kazi ya Walburga. Alichota kidogo, akakitia kwenye chupa yenye supu ya maabara, ambayo ni chakula cha vijidudu, akaiweka kwenye joto hadi kesho yake. Supu ikibaki safi, vema. Ikichafuka na kutoa hewa, basi kuna dalili ya wadudu wa kinyesi, wale wanaowaharisha watoto.

Tabu ilikuwa joto. Umeme wa miaka ile mnaukumbuka. Kabati la joto likipoa, kipimo kimeharibika. Kwa hiyo Walburga aliifunga chupa tumboni kwa khanga, akaenda nayo nyumbani, akapika nayo, akalala nayo. Nasema tena, maana wengine hamtaamini: alilala na chupa ya vijidudu tumboni, kwa sababu joto la mwili linatosha.

"Tulipokuwa wadogo hatukumrukia," anasema binti yake, Getruda. "Tulimuuliza kwanza, mama, leo una chupa?"

Sasa sikieni habari ya kipaimara cha shemeji yake, Valence. Mama mkwe wake, Mama Otto, alipika uji wa togwa, masufuria makubwa. Uji wa togwa lazima upoe kabla ya kutiwa kimea, na kupoa kwake kunachukua muda. Shangazi wa Madaba walikuwa njiani. Mama Otto akafanya tunavyofanya wengi tukiwa na haraka. Akachukua ndoo ya maji ya bondeni, mabichi, akamimina juu ya uji.

Walburga aliona. Alichota maji yaliyobaki kwenye ndoo, akayatia kwenye chupa yake ya supu. Umeme haukuwepo, akajifunga.

Wifi yake, Devota, akacheka. "Wifi, hiyo mimba ya nani? Kaka yuko Mbesa tangu Pasaka."

"Ya ndoo ya mama," Walburga akajibu. "Kesho tutajua imezaa nini."

Asubuhi alifungua khanga. Supu ilikuwa imechafuka, na hewa imejaa. Wageni walikuwa wanavaa kwenda kanisani, na baada ya misa watoto wote wangekunywa ile togwa. Akasimama mlangoni pa jiko, macho mekundu. Alijua akisema, huenda akapoteza nyumba ya ukweni. Asiposema, alijua pia.

"Shikamoo, Mama. Naomba togwa isigawiwe. Maji yale si mazuri."

"Nimelea wanangu wote kwa maji hayohayo."

Nyumba nzima ilijua kwamba Mama Otto alizika wawili kwa kuharisha, masika moja. Walburga hakulitaja. Alisema tu, "Nitapika uji mwingine, Mama. Wewe pumzika."

Mama Otto akainua sufuria mwenyewe, akaimwaga migombani. Akarudi, akainua nyingine. Miezi mingi hakumsemesha mkwewe. Halafu siku moja akaingia maabara, chupa ya maji kwapani. "Ipime," akasema, akakaa.

Mama Otto bado yupo. Jana nilimkuta msibani, amekaa mkekani. "Nilimchukia," aliniambia. "Halafu nikamwelewa. Vyote viwili vilinichosha."

Kwa mumewe, Mzee Otto, kwa Getruda, kwa Mama Otto na ukoo wote, poleni sana. Mungu ampumzishe Walburga, na hapa neno kupumzika nalisema kwa maana yake kamili. Nasi tujiulize leo, tukiwa na haraka na wageni wako njiani, tunammiminia nani nini?

Nawaachieni nililoliona palepale msibani. Akina mama walikuwa wameipua uji wa togwa ya waombolezaji. Wamekesha, wamechoka. Mmoja akainua ndoo, aupoze. Binti mdogo wa Getruda, aliyekuwa amekaa karibu na Mama Otto, akasimama, akasema kwa sauti:

"Maji hayo hayajachemshwa."