Idwal Bufton Anatua Nyundo: Miaka Thelathini na Moja Juu ya Tuta la Offa

Mimi, Curtis Gittoes, ndiye mtembeaji hodari kuliko wote waliowahi kukanyaga njia ya Tuta la Offa, na hapo namhesabu mfalme Offa mwenyewe, ambaye kila mtu anajua alipanda farasi na kuwaachia wengine majembe. Naliweka hili mwanzoni kabisa kwa sababu kamati yetu ya njia imenionya kwamba wasifu huu si wangu, na baada ya aya hii sitapata tena nafasi.

Wasifu ni wa Idwal Bufton. Anastaafu Ijumaa hii, tarehe 29 Septemba, baada ya miaka thelathini na moja ya kuitunza njia katika kipande chetu, kuanzia Kington, kupitia hapa Knighton, hadi kule vilima vinapochoka karibu na Montgomery. Kwa mlioalikwa kwa ajili ya keki peke yake: tuta hili la udongo lilichimbwa miaka elfu moja na mia mbili iliyopita, na wazee wetu wanasema kazi yake ilikuwa kuwakumbusha Wawelisi, watu wa Wales, mahali pa kukomea. Idwal ni Mwelisi. Kwa miaka thelathini na moja amelipwa mshahara kuhakikisha halibomoki.

Aliipata kazi kwa sababu ya unyoofu wake, au ndivyo inavyosimuliwa. Walioomba walikuwa wanne. Watatu walifika kwenye usaili kwa gari, wakaeleza jinsi wanavyopenda kutembea. Idwal alifika kwa miguu, amechelewa, buti zimejaa matope, akaomba radhi kwamba njiani amekuta nguzo ya alama imeinama akashindwa kuipita. Waliompa kazi hawakujua kwamba wamesikia maelezo ambayo wangeyasikia kila Jumatatu hadi leo.

Kazi yenyewe si ya kuitafutia mashairi. Unakata miiba, unapaka nguzo rangi, unawaomba watalii washuke kutoka mgongoni mwa tuta kwa sababu buti zao zinalila kidogo kidogo. Kisha kuna nyegere wa huku kwetu, wanaochimba mashimo ubavuni mwa tuta. Sheria moja inakataza mtu yeyote kuligusa tuta. Sheria nyingine inakataza mtu yeyote kumgusa nyegere. Nyegere hajasoma hata moja kati ya hizo. Idwal alisimama kati ya sheria mbili na mnyama mmoja kwa miongo mitatu, na wote watatu bado wapo. Wakubwa wa mashirika wamepewa nishani kwa mafanikio madogo kuliko hayo.

Wengi mtamkumbuka kwa kisa cha dume la ng'ombe. Bi Olwen Tudge, ambaye njia inapita katikati ya malisho yake, alipachika kibao getini: HATARI, DUME. Dume hakuwapo. Idwal hakupeleka malalamiko wala hakuleta mwanasheria. Kila Jumanne aliegemea lile geti akauliza kwa upole, “Hajambo dume, mama?”

“Amelala,” Bi Tudge anajibu.

“Huu mwaka wa tatu. Mwamshe basi apate hewa, atapata vidonda.”

Kibao kilishuka chenyewe kabla ya Krismasi. Bi Tudge yumo ukumbini leo na ameniruhusu kuandika hili, kwa sharti niseme kwamba dume alikufa. Haya, dume alikufa.

Sasa tuje kwenye mageti, maana huwezi kumweleza Idwal bila mageti. Bawaba ikilia, Idwal hapiti. Ana kopo la grisi mfuko wa kushoto na nyundo kiunoni. Katika kipande chetu, geti huwa limefungwa, basi. Kondoo wa upande huu wakikutana na kondoo wa upande ule, wenye kondoo hugombana mpaka kwenye mazishi. Mwaka wangu wa kwanza kazini niliacha geti moja wazi kwa muda wa kula andazi. Alinitazama mimi, akalitazama geti, akasema, “Kijana, mtu anayeacha geti wazi ataacha na mlango wa jeneza lake wazi.” Sijui maana yake mpaka leo, lakini nilifunga.

Jambo moja tu lilimchoma. Anayemaliza njia nzima, kutoka miamba ya Sedbury kusini hadi mchanga wa Prestatyn kaskazini, bahari hadi bahari, huja ofisini kwetu kupewa beji ndogo ya bati na mkono wa pongezi. Mkono ulikuwa wa Idwal. Amewabandika beji walimu wastaafu, wachumba waliokuwa hawasemezani tena, na Mholanzi mmoja aliyetembea kinyumenyume kwa sababu za hisani. Yeye mwenyewe hakuwa nayo. Hakuwahi kutembea zaidi ya kipande chake, kwa kuwa kila likizo alikuta kuna kitu kipandeni kimevunjika. Ivor Pugh, mwenye baa, hakumwacha apumue: “Idwal, wewe ni kama bawabu wa hoteli. Mlango unaujua, chumbani hujawahi kulala.”

Kamati ilijitolea kumpa beji ya heshima. Alikataa mbele ya kikao kizima. “Beji ya kupewa ni kifungo cha koti,” alisema. “Yangu nitaipata kwa kutembea.” Na ilibidi iwe mwaka huu. Daktari alikuwa ameshamwambia kwamba goti la kulia limebakiza safari moja ndefu, akamshauri aichague vizuri.

Basi mwezi huu tukaondoka, yeye na mimi. Alisema anahitaji mtu wa kubeba vifaa. Mkewe, Beryl, alisema anahitaji mtu wa kumzuia asivitumie. Nilishindwa kazi zote mbili, lakini nilishindwa kwa mbwembwe. Tulianza pale kwenye jiwe la Sedbury, juu ya maji ya matope ambayo watu wa kule wanayaita bahari bila kuona haya. Kufika jioni alikuwa amenyoosha nguzo, amekaza komeo na kumfundisha mkulima asiyemjua namna ya kuning'iniza geti lisibweteke. Siku ya pili ofisi yetu ilipokea simu kutoka Monmouth: “Kuna mzee anapita huku anatutengenezea mageti bila ruhusa. Tumkamate au tumpe chai?” Walimpa chai.

Nisiwachoshe na milima. Tulinyeshewa Hay, tukapigwa na upepo juu ya Hergest, tukapita nyumbani Knighton bila kulala, kwa sababu alisema akikiona kitanda chake safari imekwisha. Beryl alitusubiri njiani na keki za zabibu zikiwa bado moto, akalikagua goti kama mtu anayekagua tairi, akasema, “Haya, nendeni kabla sijabadili mawazo.” Tulivuka mto Severn, tukavuka mto Dee, na kila mlima ulipokuwa mkali nilimwambia apumzike kwa ajili yangu, naye akakubali kwa ajili yangu, na heshima zetu zote mbili zikabaki salama.

Tukafika vilima vya Clwyd. Kutoka kule juu, siku ikiwa safi, bahari inaonekana. Ilionekana. Utepe wa fedha tu, mbali, lakini bahari. Safari ya siku moja na ushee. Idwal aliongeza mwendo, na mimi, ambaye mnanijua, niliachwa nyuma.

Hapo ndipo tulipokuta geti. Geti zuri, la chuma, limeachwa wazi kabisa, limefungwa kwenye nguzo kwa kamba ya buluu ya kufungia marobota ya nyasi. Idwal alitikisa kichwa kwa masikitiko ya miaka thelathini na moja. “Watu wavivu,” alisema. Akaifungua ile kamba, akaikunja vizuri, akaitia mfukoni. Akalifunga geti, akalitikisa kuhakikisha, akaipa bawaba tone la grisi kama zawadi kutoka kusini. Tukaendelea.

Tulikuwa tumekaa kunywa chai kwenye kilima cha mbele tulipowasikia mbwa. Tukageuka. Mlima mzima ulikuwa unateremka: kondoo, kundi kubwa, wanamiminika kama maziwa yanayofurika sufuria, wakielekea moja kwa moja kwenye lile geti. Ilikuwa siku ya kuwashusha kutoka malisho ya juu, na geti lilikuwa limeachwa wazi makusudi tangu alfajiri. Wakaligonga. Wakageuka. Wakapasuka makundi matatu, moja likaingia kwenye magugu, jingine kwenye msitu wa misonobari, na la tatu likarudi lilikotoka kwa furaha kubwa. Nyuma yao akatokea mtu juu ya pikipiki ya magurudumu manne, amesimama, mikono kichwani.

Hakuna aliyetuona. Nalisema hili wazi kwa sababu ni la kweli na kwa sababu nilimwambia Idwal pale pale. “Mzee, bahari ile pale. Hakuna anayejua ni nani. Tembea tu.”

“Mimi najua ni nani,” alisema, akamwaga chai yake.

“Na goti?”

“Goti halikufunga geti.”

Alirudi akikimbia. Mzee wa miaka sitini na sita, amebeba nyundo na kopo la grisi, akiteremka mlima ambao mbuzi angeuomba ruhusa kwanza. Mwenye kondoo, Tegid Foulkes, alimpokea kwa Kiwelisi, kirefu na kwa sauti ya juu. Idwal, Mwelisi wa kuzaliwa asiyejua Kiwelisi, alisimama akiitikia kwa kichwa kama mtu anayesomewa sifa zake. Foulkes alipomaliza, Idwal alitoa ile kamba ya buluu mfukoni, akamrudishia mikononi, akasema kwa Kiingereza, “Ni mimi. Nianzie wapi?”

Foulkes akamtazama juu mpaka chini. “Anzia kwenye misonobari,” alisema, kwa Kiingereza. “Na huyo mrefu anayejificha nyuma yako aende juu.”

Tulikusanya kondoo mpaka jua likashuka. Nilikuwa stadi ajabu. Mbwa wenyewe walinifuata mimi kwa maelekezo, au walinikimbiza, inategemea unamuuliza nani. Wa mwisho alipopita getini, Idwal alilishika geti liendelee kuwa wazi, akangoja Foulkes aseme “Sasa,” ndipo akalifunga. Kisha akajaribu kupiga hatua, goti likakataa. Halikulalamika. Lilikataa tu, kama punda.

Foulkes alituweka ndani ya trela lake, kati ya mbwa wawili waliolowa. Asubuhi, nyumbani kwake, baada ya mayai na maneno machache, Idwal alijaribu tena kusimama, akaniambia, “Endelea wewe. Miguu unayo, kesho beji ni yako.” Nikamwambia buti zinanibana. Tuliteremshwa stesheni kwa gari la kondoo. Barabara ilipokata kona bahari ilionekana tena kwa muda mfupi, na Idwal akaitazama mpaka nyumba zikaifunika. Foulkes hakukubali shukrani. Alisema tu kwamba tangu aanze kufuga, geti lile halijawahi kufunguka kimya namna ile.

Kwa niaba ya ofisi, kamati, wakulima wa pande zote mbili za mpaka, nyegere, na kila mtalii aliyewahi kukuta geti linafunguka kwa kidole kimoja: asante, Idwal. Asante na kwako Beryl, uliyetuazimisha mumeo miaka yote hiyo na kurudishiwa akiwa na goti moja pungufu. Pumzika vizuri, kula vizuri, mwache Ivor Pugh aseme atakavyo. Tunakuombea asubuhi ndefu zisizo na mvua na majirani wasiokuita kila bawaba ikilia, ingawa tunajua utakwenda hata wasipokuita.

Kamati iliniomba nimalizie kwa kusema kwamba safari ya kuaga ilifanikiwa sana. Wameyaandika maneno hayo wao wenyewe na kuniachia nafasi chini nitie sahihi. Sitii. Geti tulilifungua, kondoo tuliwapata, Foulkes ametuma kadi. Yote hayo yalitengenezeka. Lakini Idwal Bufton alitaka kukanyaga mchanga wa Prestatyn kwa miguu yake mwenyewe, bahari yake aliiona, na hakufika.