Bonde Kijana: Maisha ya Delphia Ratliff Stiltner, 1957–2021

Aliyelala hapa mbele yetu ni Delphia Ratliff Stiltner. Alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, nyumbani kwao kwenye bonde la Catlett Fork, Kaunti ya Garrow, West Virginia. Baba yake alikuwa Orbie Ratliff, mchimba makaa, na mama yake Zella. Baada yake alizaliwa mmoja tu, Virgil. Wale waliokuwa wakisema Delphia ni mtu wa kuja aliyeletwa na vyeti, wajue kitovu chake kiko hapa hapa.

Alisoma shule ya msingi ya Catlett, akamaliza sekondari ya Garrow mwaka 1975, halafu akaenda chuo kikuu kule Morgantown kusomea miamba na mabonde. Baba yake hakufurahi.

"Mimi nimeishi ndani ya mlima maisha yangu yote," alimwambia, "wewe unaenda kusoma ulivyo kwa nje?"

"Baba, wewe unalijua tumbo lake. Mimi nataka kujua unavyotembea."

"Mlima hautembei, mwanangu."

"Unatembea. Unashuka."

Alichosomea si uchawi, na kwa sababu wengi humu mmekisema vibaya, tutakieleza. Bonde ni eneo lote ambalo maji yake yanaingia kijito kimoja. Unapima kiasi gani cha eneo hilo kiko juu ya kila kimo, kuanzia mdomo wa kijito mpaka kileleni, kisha unachora mstari. Mstari ukivimba, ardhi nyingi bado iko juu na mvua bado ina kazi ya kuishusha. Bonde la hivyo wataalamu wanaliita kijana. Mstari ukibonyea, ardhi nyingi imeshakwenda na maji, iliyobaki imetulia. Hilo wanaliita mzee. Delphia hakuamini mstari peke yake. Alikuwa anapanda mwenyewe kushika udongo, hata magoti yalipoanza kumkataa.

Kazi hiyo ndiyo iliyompa mume. Siku zile walikuwa wanakata ramani vipande kwa mkasi, kila kimo na kipande chake, wanapima uzito wa karatasi ili wapate eneo. Likizo ya mwaka 1979 aliingia duka la vifaa la akina Stiltner akaomba mzani wa misumari. Arlis alikuwa kaunta.

"Dada, unapima karatasi?"

"Napima mlima."

"Basi subiri, huo mzani mwisho wake kilo kumi."

Walifunga ndoa tarehe 7 Juni 1980 katika kanisa hili, wakapata binti mmoja, Wrenna. Miaka mingi baadaye Arlis alimuuliza mezani, mbele ya wageni, mbele ya sufuria ya maharage na mkate wa mahindi, yeye ni bonde la namna gani. Delphia alimtazama kifua, akamtazama tumbo. "Wewe kila kitu kimeshashuka, baba Wrenna. Wewe ni mzee uliyetulia." Arlis alicheka mpaka akapaliwa.

Alifanya kazi ofisi ya jiolojia ya jimbo kuanzia 1981. Mwaka 1994 alirudi Garrow kuwa mshauri wa kaunti kuhusu ardhi.

Sasa tunafika kwenye kile ambacho pasta aliomba kipunguzwe. Familia imekataa.

Mafuriko ya Mei 2013 yalichukua nyumba za kando ya mto. Kaunti ikatafuta pa kujenga upya, na mwenyekiti wake, Bwana Hobart Teague, akapapenda Catlett Fork, chini ya mteremko wa kaskazini. Tarehe 12 Septemba mwaka huo tulijaa ukumbi wa michezo wa sekondari. Bwana Teague akamwita Delphia mbele, akamshikia kipaza sauti.

"Mtaalamu, usituchoshe na michoro. Bonde hili ni mzee au kijana?"

"Kijana. Tena sana. Lakini maana yake..."

Makofi yakamfunika. Watu walisimama. Na mtu asijifanye hakupiga. Sisi ni watu ambao tangu migodi ifungwe tunaambiwa kwetu kumezeeka, kumekwisha, tuhame. Mtu wetu mwenyewe, mwenye shahada, anasema bonde letu ni kijana. Ungekaa? Bwana Teague akavuta kipaza sauti. "Mmesikia wenyewe," akasema, na watu wakaenda kwenye keki.

Delphia alizunguka mlango kwa mlango wiki nzima akieleza lile neno. Walimwambia amegeuka, amehongwa, anaona wivu. Hata Virgil, ambaye alikuwa ameahidiwa nyumba ya kwanza upande wa mteremko.

"Dada, ulisema kijana mbele ya watu wote. Sasa unataka nibaki kuishi kwenye trela linalonuka matope?"

"Virgil, kijana maana yake ule udongo wote juu yako haujashuka bado."

"Utashuka nikiwa nimeshakufa."

Nyumba zilijengwa, Virgil akahamia. Ulishuka Jumapili, tarehe 11 Februari 2018, asubuhi, Virgil na mkewe Lorene wakiwa jikoni na kahawa yao. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. Wengine walitoka salama. Hao wawili hawakutoka.

Kwenye kikao cha uchunguzi Bwana Teague alisema, "Tulifuata neno la mtaalamu. Alisema ni kijana." Delphia alisimama akaeleza maana yake. Gazeti lilichapisha maneno ya Bwana Teague tu. Kuanzia hapo alikuwa anaingia dukani mtu anamwuliza, "Delphia, bonde lako halijambo? Bado kijana?" na wenzake wanachekea puani. Katika kanisa hili hili kwenye benchi lake walikuwa wanabaki yeye na Arlis tu. Aliyemzika mdogo wake ndiye aliyeitwa muuaji wake. Mlioketi leo kwenye lile benchi mkilia, karibuni. Mmechelewa.

Julai 2020 aligunduliwa kuwa na kansa ya kongosho. Tarehe 20 Septemba Bwana Teague alifika nyumbani na pai ya tufaha kutoka kwa mkewe. Arlis na Wrenna walikuwepo na walisikia kila neno.

"Delphia, mimi na wewe tulikosea," Bwana Teague alisema.

"Mimi na nani?"

"Usianze. Nimekuja kwa wema."

"Hobart, siku mbili kabla ya ule mkutano nilikupandisha mpaka kule juu kwa gari langu. Nikakuonesha pale udongo ulipopasuka. Nikakwambia hili bonde ni kijana, kwa hiyo litashusha. Wewe ukasema nini?"

 Bwana Teague akasema, "Nilisema ni neno zuri."

"Ulielewa?"

"Nilielewa. Lakini watu walihitaji kitu cha kupigia makofi, Delphia. Hukuwaona?"

"Niliwaona. Ndugu yangu alikuwa mstari wa mbele. Sasa hayo uliyosema hapa, kayaseme mbele yao."

"Baada ya uchaguzi."

Uchaguzi ulipita Novemba. Alishinda. Wrenna alimpigia simu Desemba na Januari, akaambiwa yuko kwenye kikao. Kila gari lilipopunguza mwendo barabarani, Delphia alikuwa anamwuliza Arlis kama ni yeye. Alifariki nyumbani tarehe 9 Machi 2021, hajafikisha miaka sitini na nne.

Ameacha mume, Arlis Stiltner, binti, Wrenna Coe, na mkwe wake Denzil, mjukuu, Tobin, na mpwa wake Casey Ratliff, mtoto wa Virgil na Lorene, anayewasomea wasifu huu. Wamemtangulia wazazi wake, na Virgil, na Lorene.

Bwana Teague ameketi mstari wa pili na ua kifuani. Hatukumfukuza. Angalieni ratiba, ukurasa wa nyuma: baada ya wimbo kuna jina lake, ayaseme mwenyewe yale aliyoyakiri nyumbani, na kaburi halitafukiwa mpaka nafasi yake ipite, asimame au asisimame.

Shangazi Delphia, pumzika. Amani yako tunaisubiri kwake.